Fito, Pau, Boriti

Hapo Matsangoni, kando ya barabara itokayo Kilifi kwenda Malindi, miti ya kujengea huuzwa ikiwa imeegemezwa kwenye uzio, kila unene na kundi lake. Nyembamba kabisa ni fito. Zinafuatwa na pau, kisha mazio, kisha boriti, na mwisho nguzo, zile ambazo mwanamume mzima hubeba moja tu na bado akatua njiani. Muuzaji hana rula. Huushika mti kwa kiganja, akaona vidole vimekutana au vimeachana, akausukuma upande wake, na hakuna anayebishana naye. Majina hayo ni makongwe kuliko lami. Yalitoka kwenye mikoko, enzi ambazo miti ya Lamu ilipakiwa majahazini kwa korija, miti 20 kwa kila korija, ikavuka na upepo wa kusi hadi Uarabuni na Ghuba, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuipeleka nje mwaka 1982. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti haikuweza kuvuka zaidi ya mita tatu hivi; mti uliotoka topeni ndio ulioamua kitanda kikae wapi na bibi harusi aketi wapi. Siku hizi, Matsangoni, miti mingi uzioni ni mivinje iliyopandwa mashambani, maana mikoko ya hori la Mida inalindwa. Majina hayakubadilika. Mvinje nao hupimwa ukaitwa ufito au boriti.

Disemba 2025, juma lile matokeo ya kwanza ya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, yalipotoka, mama mmoja alikuwa amesimama mbele ya uzio huo, ameleta mivinje yake kuuza. Alinipa simu. “Hebu nisomee, mwanangu.” Nikasoma: somo, herufi mbili na nambari, somo, herufi mbili na nambari. AE ilikuwa moja. Zilizobaki zote ni BE. Akauliza BE ni nini. Nikamwambia ni chini ya matarajio. “Matarajio ya nani?” Hakuwa akifanya mzaha wala akilaumu, alitaka kweli kujua ni nani huko aliko aliyekaa akamtarajia mwanawe, na alimtarajia nini. Sikuwa na jibu la kumpa. Kisha akauliza lile ambalo lilikuwa limemtoa nyumbani mapema: “Basi huyu atakuja kuwa nani?” Nyuma yake muuzaji alikuwa akiendelea kuigawa miti aliyoleta: fito, fito, pau, fito.

Wasiwasi wa mzazi wa pwani hii si wa kubuni. Umeona mengi. Umeona miaka ambayo mkorosho ulilipa karo: kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichojengwa miaka ya 1970, kilinunua magunia ya mashamba ya huku, na mtu aliyeishia darasa la nne aliweza kusomesha kwa miti aliyorithi kwa babaye. Kiwanda kikafa miaka ya 1990, na mikorosho ikazeeka ikiwa mikononi mwa madalali. Umeona vijana wanaochonga mawe machimboni, vumbi jeupe kwenye kope, wakilipwa kwa jiwe. Umeona wavunaji wa chumvi wa Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, ambao nyayo zao hazikumbuki lini zilikuwa laini. Umeona hoteli za Watamu zikifungwa Machi 2020 ndege zilipoacha kuja, na mpishi wa miaka mingi akirudi nyumbani na sare yake imekunjwa kwapani. Umeona Uyombo, kijiji cha wavuvi kilicho jirani, ambako mwaka 2024 watu waliandamana kuukataa mtambo wa nyuklia. Waliotaka mtambo waliahidi ajira. Ukiketi na wazee kibarazani, hesabu yao ilikuwa fupi: za ndani ni za wenye shahada, zetu ni kufyeka na kulinda lango. Mzazi aliyeyaona hayo yote, akasoma BE nyingi kwenye simu, haogopi herufi. Anaogopa machimbo, anaogopa bodaboda iliyokopewa, anaogopa safari ya binti kwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia na ujumbe wa sauti unaokatika katikati.

Isitoshe, yeye mwenyewe alipitia mchujo. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulianza 1985 na wa mwisho ulifanywa 2023, na kwa rika lake maisha yalikuwa na siku moja kubwa kuliko harusi. Waliopita, walipita. Waliobaki, ilisemwa wameanguka, na kijiji kizima kililisema neno hilo kwa upole kama linavyosemwa la msiba. Mtaala mpya ulikuja na ahadi kwamba hakuna mtoto atakayeanguka tena; kila mmoja ataendelea, kila mmoja atatafutiwa njia yake, iwe ya sayansi na uhandisi, ya sayansi za jamii, au ya sanaa na michezo. Ni ahadi njema, na mimi si katika wanaoicheka. Lakini ngazi zimekuwa nane, kutoka EE ya kwanza, iliyo juu ya matarajio, hadi BE ya pili, na mtu akikupa ngazi nane badala ya mlango mmoja, mama aliyeona mlango ukifungwa atauliza tu ngazi ya chini kabisa inatokea wapi. Anajua ya mbele pia. Katika KCSE ya 2024, mtihani wa kumaliza sekondari, walikaa watahiniwa zaidi ya 960,000. Waliopata C+ au zaidi, alama inayofungua chuo kikuu, walikuwa robo hivi, na zaidi ya 48,000 waliambulia E. Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapo Kilifi, mwendo wa matatu, chuo kikuu kamili tangu 2013. Kuna watoto wa kijijini wanaokiona langoni tu, wanapopita na ndoo za maembe ya kuuza, na mama zao huwaonyesha kwa kidole bila kusema kitu.

Nimeutazama uzio ule mara nyingi tangu siku hiyo. Linalonirudisha ni jambo ambalo kila mkulima wa mvinje analijua na hana haja ya kuambiwa: hakuna mbegu ya fito. Hakuna mtu aliyewahi kupanda fito. Kitalu ni kimoja, miche ni mamoja, na ufito ni mti uliokatwa mapema. Uache miaka miwili mitatu mbele, ushike tena kwa kiganja kilekile, uone kama vidole vitakutana. Kiganja hakikudanganya siku ya kwanza, na hakidanganyi siku ya pili. Kilichopimwa ni mti na siku yake pamoja, wala hakuna kiganja kinachoweza kuvitenganisha. Mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano naye hupimwa pamoja na siku yake: mwezi ule, njaa ile, mwalimu yule aliyehamishwa katikati ya muhula, baba yule aliyekuwa mgonjwa. Halafu karatasi huandikwa jina la mtoto, na siku haiandikwi.

Ningekuwa mwongo nikisema kila ufito ungekuwa boriti. Imo mivinje iliyosongwa na mingine, iliyokaa kivulini, iliyokwanguliwa na mbuzi ikiwa michanga, na ukiisubiri miaka kumi itakupa kuni. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na wakasema pia haraka haraka haina baraka, wakatuachia sisi kazi ya kujua lipi ni la leo. Na mama yule naye hana anasa ya kusubiri. Mivinje aliyoleta kuuza ilikuwa haijafika. Yeye alijua, muuzaji alijua, na bei ilijua. Aliikata kwa sababu Januari ilikuwa inakuja na shule ya sekondari ya juu inataka sare, godoro, sanduku na karo. Alikuwa akikata miti mapema ili mtoto asikatwe mapema.

Tukiwa kwa mvinje, kuna hadithi yake nyingine hapa hapa pwani. Machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi yalikuwa jangwa la mwamba na maji ya chumvi, na mwaka 1971 Rene Haller, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi hapo, alianza kupanda miche katika mashimo yale. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizopona ni tatu, na mvinje ni mojawapo. Una vijidudu mizizini vinavyoupa mbolea kutoka hewani, kwa hiyo unaishi mahali ambapo hakuna udongo wa kuusaidia. Majongoo yakala majani yake makavu, udongo ukatengenezeka, na leo wageni hulipa kiingilio kuingia msitu ule. Hadithi hiyo hutajwa sana kumsifu aliyepanda, na sifa anastahili. Mimi hunivutia zaidi ile miti ya aina 23 iliyokufa. Mingi yake ingetia fora kwenye bustani yenye udongo mweusi, na huko pengine mvinje ungeshika mkia. Haukuwa mtihani wa miti peke yake. Ardhi nayo ilikuwa imo ndani ya karatasi.

Basi tuitazame ardhi ya mtoto wa Matsangoni. Nyumbani anasema Kigiriama. Njiani, dukani na msikitini au kanisani anasema Kiswahili. Sera inasema afundishwe kwa lugha ya eneo lake miaka mitatu ya mwanzo, kisha, kuanzia gredi ya nne, Kiingereza kinaingia darasani na kukaa kiti cha mbele, na hesabu ambayo jana aliiweza leo imevaa nguo asiyoijua. Kuna watoto wasioona ubao, na hakuna aliyewahi kuwapima macho. Kuna wanaosikia nusu ya anachosema mwalimu kwa sababu ya sikio lililotoka usaha wakiwa wadogo. Kuna wale ambao herufi hazitulii mbele yao hata wakizikodolea, hali inayoitwa disleksia, na ambao kijiji kimeshawapa jina: mzito, hana kichwa. Vituo vya kutathmini watoto wa namna hii, vinavyojulikana kama EARC, vimekuwapo Kenya tangu 1984. Mzazi mmoja wa huku aliniambia alivisikia kwa mara ya kwanza mtoto wake akiwa tayari ameacha shule. Alisema bila hasira, na bado nalifikiria lile kukosa hasira kwake kuliko lolote jingine aliloniambia.

Halafu kuna Watamu, kilomita chache tu kaskazini, inayotutia sote haya. Nenda ufukweni msimu wa Waitaliano. Utamkuta kijana aliyepata alama za aibu katika Kiingereza, aliyeambiwa na walimu watatu kwamba lugha si fungu lake, akipatana bei ya safari ya mashua kwa Kiitaliano kinachotiririka, akitania, akibembeleza, akikasirika kidogo panapofaa, akifunga biashara. Hakuna aliyemfundisha kwa kitabu. Alikuwa na haja, alikuwa na masikio, na alikuwa na mtu mbele yake aliyefurahi alipokosea. Malindi na Watamu wapo wengi wa namna yake, hata tumezoea na hatuoni tena kwamba ni ajabu. Kama hana kichwa, Kiitaliano kile kimekaa wapi? Lakini nami nisimalize hapo kama kwamba swali limejibiwa. Kijana huyo hana cheti cha Kiitaliano wala cha kitu kingine. Ndege zikisita, kama zilivyosita 2020, lugha yake tamu haimnunulii unga. Mama yake alikuwa na haki ya kukosa usingizi.

Kwa hiyo sina hamu na zile hadithi za mabwana wakubwa wa ng’ambo walioanguka shule wakawa matajiri. Husimuliwa siku ya wazazi, watu wakapiga makofi, na mtoto aliyekaa nyuma akajua kwamba hata kushindwa kwake sasa kunatarajiwa kuzaa maajabu. Mama wa Matsangoni hakuomba tajiri. Aliomba mtu atakayelipa kodi, atakayeoa au kuolewa kwa heshima, atakayemzika. Nyumba ya udongo ya huku husimama kwa nguzo, ni kweli, na paa hukaa juu ya boriti. Lakini ukuta wenyewe ni fito zilizofungwa kwa kamba, safu kwa safu, udongo na mawe vikashindiliwa katikati. Toa boriti moja, paa litabonyea. Toa fito, huna nyumba, una miti iliyosimama uwanjani. Hilo ni kweli na linapendeza kusema. La kweli zaidi, na lisilopendeza, ni kwamba korija ya fito haiuzwi kwa bei ya korija ya boriti, wala haijawahi. Anayemwambia mzazi kwamba kazi zote ni sawa amwonyeshe kwanza mshahara wa kila moja.

Kenya ilikwisha kulijua jambo hili zamani. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza baada ya shule ni nini, kwa ajili ya maelfu waliomaliza msingi bila nafasi ya sekondari, na katika miaka iliyofuata politekniki za vijiji zikaanza: useremala, uashi, ushonaji, uhunzi. Wazo lilikuwa zuri kuliko bahati liliyoipata. Zikageuka mahali pa kupeleka walioanguka, na mtu akipelekwa mahali kwa sababu ameanguka hujifunza kuanguka kabla hajashika randa. Sasa ziko chini ya serikali za kaunti, nyingine zina mashine mpya, na bado mzazi wa huku atauza mbuzi wawili amlipie mwanawe sekondari isiyo na mwalimu wa fizikia kabla ya kukubali aonekane akiingia lango la politekniki. Simlaumu sana. Daktari, mbunge na mhandisi wanaosifia ufundi kwenye mikutano hawajawahi kutuonyesha watoto wao wenyewe wakiingia lango hilo.

Wasiwasi nao hufanya kazi yake nyumbani, na kazi hiyo haionekani kwenye ripoti yoyote. Sauti ya mama hubadilika anapomwita mtoto huyu. Hupanda kidogo mwishoni. Baba hunyamaza. Mjomba akija kutoka Mombasa huuliza masomo kabla ya kuuliza hali, na mtoto ambaye dakika moja kabla alikuwa akiwachekesha wenzake hukumbuka kwamba kuna ng’ombe wa kufungwa. Mdogo wake anayeshika namba ya pili darasani hujifunza kuficha ripoti yake kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo inayouma zaidi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, tunasema, na tunasahau kwamba uchungu wa mzazi aujuaye kwanza ni mwana. Yeye ndiye anayelala chumba cha pili, na kuta za udongo hazizuii minong’ono. Hujua lini amekuwa swali. Mtoto aliyekuwa mtu, mwenye kupenda embe bichi na chumvi, mwenye woga wa nyoka, mwenye mkono mwepesi wa kufunga kamba, hugeuka kuwa jambo la kujadiliwa usiku. Wengine huanza kuondoka nyumbani miaka kabla ya kuondoka.

Mama yule alipewa pesa zake, akazihesabu, akaziweka kwenye leso. Alisema kijana yuko kwa fundi wa pikipiki hapo senta tangu shule zifungwe, na fundi hamfukuzi. Alisema hivyo kana kwamba ananiomba radhi. Nikamwuliza kama fundi anamsifu. “Anasema anasikiliza injini.” Akanyamaza, kisha akaongeza, “Lakini hiyo si kazi ya kuandika.”

Basi wewe fundi unayesoma haya, wa pikipiki, wa jahazi, wa umeme, wa cherehani, kama una kijana wa namna hiyo anayezunguka karakana yako, usimwachie kushika tochi tu. Mpe spana. Mlipe hata kidogo, mbele za watu, ili mama yake asikie. Akishaiva, mpeleke afanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani: una gredi tatu, ya tatu ndiyo ya kuanzia, na kinachotazamwa zaidi ni mkono wake, si herufi alizopata akiwa na miaka kumi na mitano. Na wewe mwalimu, kabla hujaandika BE nyingine, ulizia kituo cha EARC kilicho karibu na shule yako, na umpe mzazi maelekezo ya kufika huko, kwa Kiswahili, kwenye karatasi ileile ya ripoti.